Mama Kizibo na sinki lililomngoja

Maji ya kijivu yamesimama kwenye sinki hadi karibu na ukingo, na juu yake punje za wali zinaelea pamoja na ganda la kitunguu. Mwenye nyumba, mama mwenye mtoto mgongoni, ameegemea mlango wa jiko na kuomba radhi kwa mara nyingine.

"Samahani jamani, jiko langu leo ni aibu tupu."

"Aibu ya nini? Usingekuwa unapika, mimi ningekula wapi?" anajibu mwanamke aliyepiga magoti mbele ya kabati la chini ya sinki.

Halafu, kabla hajagusa chochote, anauliza swali ambalo huliuliza kila nyumba anayoingia.

"Mmemwaga dawa yoyote humu? Wewe, baba watoto, mgeni, yeyote yule?"

Hakuna aliyemwaga. Ndipo anapovaa miwani yake mikubwa ya plastiki, anasogeza ndoo na kuanza kazi.

Mtaani wanamwita Mama Kizibo. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miaka hamsini na ushei, na jina lenyewe humchekesha hadi leo. "Mimi kazi yangu kuzibua, wao wananiita Kizibo! Lakini simu inapolia siulizi tafsiri. Naitika tu."

Anafungua kwa mkono ile sehemu ya bomba iliyopinda chini ya sinki, maji yanashuka kwenye ndoo kwa kishindo, na mwanamke mwenzake aliye kando, kijana wa miaka thelathini hivi, anampokea bomba na kulichokonoa kwa waya. Kinatoka kipande cha mafuta yaliyoganda, cheupe kama mshumaa, kikiwa kimeshikana na majani ya chai.

Mama Kizibo anakiweka juu ya gazeti na kumwita mwenye nyumba akione.

"Haya ndiyo mafuta yako ya kukaangia. Yanaingia yakiwa maji, yakifika kwenye kona yanapoa, yanalala. Wali nao unakuja unalala juu yake. Wakishapata kitanda hao, hawaamki."

Mwenye nyumba anacheka hadi mtoto mgongoni anashtuka. Kabla ya kuondoka, Mama Kizibo anampa somo: sufuria ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, majani ya chai yaende kwenye taka, na tundu la sinki liwekewe kichujio. Mara moja moja amwage maji ya moto, ila yasiwe yanachemka, kwa sababu mabomba ni ya plastiki.

Mume wa Mama Kizibo, ambaye ni fundi cherehani, humtania kwamba hakuna mfanyabiashara mwingine duniani anayewafundisha wateja wasirudi.

"Namwambia, mke wangu, wewe unafunga duka lako mwenyewe," anasema mzee huyo, huku akimshonea mfuko mpya kwenye aproni ya kazi. "Ananijibu kwamba mteja asiyerudi huleta jirani yake. Na kweli, wanaletana."

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa mwosha vyombo kwenye mkahawa mmoja wenye wateja wengi. Siku moja mchana sinki liliziba, fundi hakupokea simu, na vyombo vikapanda mlima. Mwenye mkahawa alikuwa anafoka, wateja wananung'unika.

"Nikasema liwalo na liwe. Nikaingia chini, nikafungua, maji yakanimwagikia mwili mzima. Humo ndani nikakuta kijiko! Tulikuwa tumekitafuta tangu juma lililopita, mpaka mpishi akashukiwa."

Mpishi, kwa furaha ya kusafishwa jina, alimpeleka nyumbani kwake kuzibua sinki la mkewe. Mke akamwambia dada yake. Kabla ya mwaka kuisha Mama Kizibo alikuwa ameaga mkahawa.

Mambo yakamwendea vizuri kwa miaka mingi, hadi asubuhi moja alipoitwa kwenye nyumba ya mwanamke kijana ambaye wakati huo hawakujuana. Alikuta sinki limejaa, akapiga magoti kama kawaida, akafungua.

Asichojua, na ambacho hata mwenyeji wake hakujua, ni kwamba mume wa nyumba ile alikuwa amemwaga kopo zima la unga wa kuzibulia mabomba kabla ya kwenda kazini, ule unaochemka ukikutana na maji. Haukusaidia kitu. Ulikuwa umekaa kwenye kona unangoja.

"Ulinirukia usoni," anasema. "Niliona weupe, halafu moto. Nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao."

Yule mwanamke kijana, ambaye mtaani huitwa Mpole, hakupiga kelele. Alimkamata mabega, akamburuta hadi bafuni, akamwinamisha chini ya bomba la maji na kumshikilia pale.

"Nilimwambia basi, inatosha, niache! Akaniambia, 'Mama, hata unitukane, sikuachi.' Na kweli nilimtukana," anakumbuka Mama Kizibo.

"Alinitukana vizuri sana," anaitikia Mpole, ambaye ndiye huyu anayempokea mabomba leo.

Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyookoa jicho la kulia. La kushoto halikurudi. Leo linaona mwanga na kivuli, basi.

Yalifuata majuma ya kukaa ndani. Mume wake, yule fundi cherehani, alisema kazi ile sasa iishe, na watoto wao wawili wa kiume, ambao wana familia zao, wakaunga mkono. Mama Kizibo hakubishana nao. Mikono ilikuwa ikimtetemeka hata anapofungua kifuniko cha chupa ya maji.

Mpole alikuwa akija kumjulia hali karibu kila jioni. Mumewe naye alikuja, akaketi akitazama sakafu. "Nikamwambia, mwanangu, hukukusudia. Kunywa chai," anasimulia Mama Kizibo.

Siku alipopata nguvu ya kutembea, akaamua kurudisha hisani ya kutembelewa. Alimkuta Mpole uani, ameinama kwenye beseni, anaosha vyombo.

"Mbona unaoshea nje? Sinki lina nini?"

"Si limeziba, Mama."

"Bado? Lile lile?"

"Lile lile. Tuliliosha tu kwa maji mengi, ile dawa ikatoka. Lakini kuzibuka halijazibuka."

"Na mafundi wote hawa mjini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Mama Kizibo anapofika hapa katika simulizi yake, anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa aproni. Anasema alilia pale uani, kisha akaomba spana.

Lakini alipopiga magoti mbele ya lile kabati, mikono ilikataa. Mpole alimtazama, akachukua miwani ya jua ya mumewe, akaivaa, akalala chali chini ya sinki.

"Sema, Mama. Naanza wapi?"

Mmoja akielekeza, mwingine akifungua, kazi ya nusu saa ikala asubuhi nzima. Mpole aliloa hadi nywele. Walipofungulia koki, maji yalizunguka mara moja, yakashuka na kuguna, yakaenda zake. Wanawake wawili wakashikana mikono na kuruka jikoni kama watoto waliopata likizo.

Tangu hapo wanatembea pamoja, na mikono ya Mama Kizibo ilitulia polepole, nyumba baada ya nyumba. Kuna siku wanaitwa nyumba tatu, kuna siku simu inalala kimya. Mume wake aliacha kupinga alipomsikia akiimba tena anapopanga vifaa. "Mke anayeimba humzuii," anasema, akikata uzi kwa meno.

Sasa wamepata chumba kidogo kando ya soko. Ndani yake wanataka kusimamisha sinki kuukuu lenye bomba linaloonyesha ndani, ili mpita njia aone kwa macho yake jinsi mafuta yanavyoganda. Kila Jumamosi wanawake wa mtaa watafundishwa bure kufungua na kufunga.

Juzi mchora mabango alikuja kuuliza aandike nini mlangoni. Mama Kizibo alikuwa ameenda kununua washa za mpira, zile pete za kuzuia bomba lisivuje, hivyo Mpole ndiye aliyejibu. Aliporudi alikuta rangi haijakauka: KIZIBO NA BINTI.

"Mimi nilizaa wavulana tu, binti sijawahi kupata," anasema, akilitazama bango kwa jicho lake zima. "Nikichoka kabisa, nitakaa hapa mlangoni nipokee simu. Huko chini ya sinki ataingia mwanangu."