Arusi ya Shangazi Eulalia Magofuni

Shangazi yangu Eulalia alizaliwa katika chumba cha mtawa. Watawa wenyewe walikuwa wameondoka mjini kwetu Antigua zamani sana, tetemeko lilipoangusha paa la kanisa lao na nusu ya nyumba yao. Maskini wa mtaa walihamia katika vile vyumba vidogo vya mawe, na babu yangu akafuga mbuzi uani.

Eulalia alipokuwa kigoli, serikali iliwatoa wote ili magofu yatunzwe. Walipata kibanda pembezoni mwa mji, lakini yeye aliendelea kubeba nguo kichwani mpaka kwenye mabirika ya kufulia yaliyo mbele ya magofu. Huko ndiko alikomwona Anselmo, mwashi aliyekuwa akiimarisha matao.

“Dada, hizo nguo unazifua au unaziadhibu?” Anselmo aliuliza kutoka juu ya jukwaa.

“Wewe shika ukuta wako. Ukiniangukia, nitakushtaki kwa mama yako.”

Alipomposa, shangazi alikubali, ila akataka ndoa ifungwe katika kanisa lile lile. Padri Crescencio alikataa: halina paa wala altare.

“Na mvua ikinyesha, binti yangu?”

“Tutalowa, Padri.”

Padri alicheka, lakini hakulegeza. Wakafunga ndoa parokiani. Walipotoka, badala ya kuelekea kwa mama mkwe, bibi arusi alikata kona kwenda magofuni, na msafara mzima ukamfuata, wabeba marimba wakinung’unika. Mlinzi alikuwa amekulia maziwa ya mbuzi wa babu. Akafungua lango bila kuuliza.

Mama mkwe, Petrona, alifika amekunja uso, nyuma yake wanawake wenye vyungu vya pepián, mchuzi mzito wa mbegu za maboga na nyama ya bata mzinga.

“Nimefagia nyumba yangu mpaka mgongo umekufa,” alisema, “na wewe unalisha wageni wangu kwenye vifusi?”

Shangazi alimshika mkono, akampeleka katika chumba alichozaliwa. Ukutani masizi ya jiko la mama yake yalikuwa bado yapo. Petrona aliyagusa.

“Hakuna hata dirisha,” alisema. “Mama yako alikuwa na moyo.” Kisha akawaita wenye vyungu waingie.

Mvua ilinyesha kweli. Watu walibanana vyumbani wakila, marimba ikapigwa chini ya tao, na Padri akasimama pembeni na sahani yake, kanzu imemganda mwilini.

Waliishi vizuri, kwa ugomvi mdogo mdogo. Tetemeko la mwaka sabini na sita liliangusha jiko lao pamoja na tao la magofuni ambalo Anselmo aliliimarisha ujanani. Jiko hakulijali, alikaa juu ya mawe ya tao lake akilia kama mtoto. Shangazi alimletea kahawa, akaketi naye.

“Lia, baba,” alimwambia. “Ukimaliza, mwiko wako wa uashi nimeuosha.”