Nilifuta weupe kwenye jicho la mtoto nikidhani ni ubovu wa flash

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna kipindi nilifungua uzi humu kuomba ushauri wa taa za kupigia picha watoto wachanga. Wengi mlinijibu vizuri na bado nawashukuru. Leo naeleza yaliyonikuta baada ya pale. Sitajipamba, maana sehemu kubwa ya haya ni aibu yangu mwenyewe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina studio ndogo hapa Kilosa mjini, si mbali na soko. Passport, harusi, ubatizo, ndiyo kazi zangu.

Wasioijua kazi hii: mtoto wa miezi saba huwezi kumwambia atulie. Anageuka, anakula ngumi, anakurushia mguu. Mwanga ukiwa hafifu, picha inatoka na ukungu. Ndiyo maana nilinunua flash ya kuweka juu ya kamera, iliyokwisha kutumika.

Siku moja akaja dada mmoja kutoka Mamboya, anaitwa Yunisi, na mwanawe wa kwanza, Zawadi, wa miezi hiyo hiyo saba. Walikuwa wamembatiza siku chache nyuma. Mumewe Erasto ni mkulima, alibaki shambani. Walitaka picha moja kubwa ya ukutani.

Mtoto alikuwa mchangamfu, tukamaliza mapema.

Nilipofungua picha kwenye laptop nikakuta kitu. Jicho la kulia lilikuwa na ule wekundu wa flash tunaoujua sote. La kushoto lilikuwa jeupe. Mboni yote, kama tone la maziwa. Picha ya kwanza, ya pili, karibu zote alizotazama mbele.

Nilisonya. Nikajua flash ya mtumba imenichezea.

Nikakaa nikai-edit. Nikapaka mboni zote mbili nyeusi, nikaweka kadoti ka mwanga kila upande ili macho yafanane. Kusema kweli ilitoka nzuri sana.

Yunisi alipokuja kuichukua aliishika muda mrefu, akiangalia uso tu.

Akaniuliza, "Dada, kwani macho yake yako hivi?"

Nikamjibu, "Ndivyo yalivyo, mama. Mwanao mzuri."

Akaifunga kwenye kanga, akaondoka.

Hapo ndipo nilipofungua ule uzi, kwa hasira na flash yangu. Mkaniambia kwa watoto niachane nayo, nitafute LED za kuwaka muda wote, niweke softbox, lile boksi la kitambaa mbele ya taa, mwanga uwe laini na mtoto asishtuke. Ushauri ulikuwa sahihi, na ndizo ninazotumia hadi leo.

Wiki tatu baadaye nikaenda Mikumi. Kuna kaka yetu mmoja katika fani, Meshaki, alikuwa na LED mbili, tukakubaliana tubadilishane na flash yangu. Sikutaka kumuuzia mbuzi kwenye gunia, nikamwambia kabisa kwamba ina shida, inatoa jicho jeupe.

Akaifunga kwenye kamera yake, akampiga picha mwanawe wa mwaka mmoja aliyekuwa anacheza mkekani. Mara sita hivi.

Macho yote mekundu.

"Dada, flash yako nzima hii," akasema. "Huo weupe ulikuwa kwenye macho yote?"

"Hapana. Moja tu."

"Lile lile kila picha?"

Sikuwahi kujiuliza hilo.

Mkewe ni muuguzi. Alikuwa anasikiliza akiwa mlangoni. Akaja akasema, "Naomba niione."

Picha za mwanzo zilikuwa bado kwenye laptop yangu. Nikafungua moja. Akaikuza mpaka jicho likajaa kioo kizima.

"Huyu mtoto yuko wapi?"

"Mamboya."

"Wazazi wake waliiona hii?"

Nikamwambia hawakuiona, ule weupe niliufuta.

Akanieleza taratibu. Mwanga wa flash unaingia kwenye mboni, unagonga nyuma ya jicho na kurudi na wekundu wa damu. Ukirudi mweupe, pengine ni namna mtoto alivyogeuka tu. Pengine ni mtoto wa jicho. Pengine ni uvimbe.

"Mimi si daktari wa macho," akasema, "ila huyu asiendelee kukaa nyumbani."

Nilimpigia Yunisi, simu haikupatikana. Asubuhi yake nikaondoka Kilosa, nikabadilisha gari Dumila, kisha bodaboda kupanda hadi kwao. Njia nzima natafuta maneno.

Niliwakuta wote, Yunisi, Erasto na mama mkwe. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akanionyesha picha yangu ukutani. Ilikuwa sehemu ya heshima kabisa.

Nikatoa simu, nikawaonyesha ile ya mwanzo. Nikawaambia hii ndiyo picha yenyewe, ile ya ukutani nimeichezea.

Erasto alizitazama zote mbili. Akasema polepole, "Kwa hiyo taa yako imemuunguza mwanangu jicho."

"Hapana, kaka. Taa imeonyesha tu. Niliyekosea ni mimi, niliyeficha."

Yunisi ndiye aliyenimaliza. Alikaa chini na mtoto mapajani.

"Mimi niliona," akasema. "Jua likiwa linazama, akigeuka mlangoni, jicho linang'aa kama la paka. Nikamwambia mama, akasema mtoto ana macho mazuri. Nikasema nitaangalia kwenye picha. Picha ikaja haina kitu. Nikajua ni mimi tu nimeona vibaya."

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Kesho yake tulishuka wote hospitali. Wakapewa rufaa, na mwisho wakafika Dar. Ilikuwa saratani ya jicho. Lile jicho likatolewa. Mungu ni mwema, ugonjwa ulikuwa haujatoka nje ya jicho.

Nilipokwenda kuwaona huko, nilimuuliza daktari mambo mawili. La kwanza, kama flash ilimdhuru mtoto. Akasema hapana, haina uhusiano wowote. La pili, kama wiki zile tatu ndizo zilizolichukua jicho. Akasema hakuna anayeweza kujua, pengine lisingepona hata hivyo, ila kwa ugonjwa huu kila siku ina maana.

Jibu hilo nalala nalo.

Zawadi sasa anatembea. Yunisi huwa ananitumia salamu. Erasto tukikutana Kilosa ananiamkia vizuri, shikamoo dada, kisha anapita. Hajawahi kunitukana na hajawahi kusema yameisha. Sijamwomba aseme.

Kuhusu taa, kwa wenzangu wa kamera: LED na softbox endeleeni nazo, picha zinapendeza. Lakini mwanga ule laini mara nyingi hauonyeshi kitu kwenye mboni. Mimi sikumpa tena Meshaki ile flash, LED zake nilimlipa pesa. Kila mtoto anayekaa mbele yangu namalizia na picha mbili tatu za flash ya moja kwa moja, na natazama macho kabla ya kugusa kitu kingine. Nikiona tofauti namwita mzazi, namwonyesha ilivyo, namwambia aende hospitali. Wazazi wawili nimewaambia. Mtoto mmoja alikutwa mzima. Mwingine ana mtoto wa jicho, anatibiwa.

Kuna wanaonicheka kwamba nimegeuka daktari. Sawa.

Madaktari wa macho humu, nirekebisheni nilipokosea. Wapiga picha, semeni nanyi mmewahi kufuta nini. Mkinisema nitasoma yote, ninastahili.

Ila kabla hujaandika chochote, fungua picha za mwanao ulizopiga kwa flash. Angalia jicho moja, angalia la pili. Ukikuta moja jeupe, achana na huu uzi, mpeleke mtoto hospitali.