Msimu Mmoja na Kipa wa Masaka

Nilikwenda Birmingham kwa ajili ya mashine. Kiwanda chetu cha sukari, mkoani Ziwa Magharibi, kilikuwa na mitambo ambayo hakuna aliyejua kuitengeneza ikiharibika, basi meneja akaniteua nikasome kwa Waingereza. Nilipohitimu, mitambo ilikuwa imeshaporwa na kuvushwa mpaka. Meneja alinipongeza hata hivyo.

Agosti 1978 nilipanda meli Bukoba. Mama alitoka kijijini kwetu, kaskazini ya mto Kagera, akanisindikiza hadi gatini. Alinionya nisiwaamini Wazungu. Kuhusu jirani zetu wa Uganda hakusema neno; vitenge vyake vyote vilitoka kwao.

Mwanza nilishika treni ya Dar es Salaam, kisha ndege, kisha treni nyingine, na Birmingham nikapokewa na mvua ambayo haikuona sababu ya kuondoka.

Mtaa wa Sparkhill ndiko chuo kilikonitafutia chumba, kwa Bi Kulwant, mjane wa Kikalasinga aliyefukuzwa Kampala pamoja na Wahindi wenzake. Kitanda cha pili kilikuwa cha Semakula, Mganda wa Masaka, aliyesomea umeme. Siku ya kwanza alifungua kifurushi cha kahawa ya kutafuna, akanyoosha kiganja, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu na kwao. Nikachukua punje mbili. Tukawa ndugu.

Septemba tuliingia timu ya chuo. Kocha, Bwana Harris, alinipanga beki wa kati na Semakula golini.

“Mnatoka sehemu moja,” alisema. “Mtaelewana.”

Tulielewana kweli. Tulipigiana kelele kwa Kiswahili, “Acha! Yangu hiyo!”, na katika mechi nne tulifungwa bao moja tu.

Mwisho wa Oktoba redio ilitangaza kwamba jeshi la Uganda limevuka mpaka na kukalia ardhi yetu hadi mtoni. Kijiji cha mama kilikuwa humo humo. Nilipeleka simu ya maandishi kwa shangazi Bukoba, haikujibiwa. Jioni Semakula aliketi kitandani akaninyooshea kiganja chenye kahawa. Kwetu kuikataa ni kumwambia mtu kwamba wewe ni adui yangu. Nililijua hilo, nikaikataa.

“Ndugu zako wamemfanya nini mama yangu?” nilimwuliza.

“Mimi niko hapa na wewe,” alisema. “Mimi nitajua namna gani?”

Lilikuwa jibu la haki, nami nikazidi kumchukia.

Asubuhi Bi Kulwant alituwekea chapati sahani moja, kama kawaida. “Vita iko kule,” aliniambia. “Hapa iko chapati. Mimi nafukuzwa Kampala, na huyu Mganda napa yeye chai kila siku. Wewe nani?”

Nilikula, lakini kwa hasira.

Novemba tulikwenda kwa treni kucheza ugenini Erdington, upande wa pili wa jiji. Nilikuwa nimeapa kutomsemesha Mganda, kwa hiyo mpira wa juu ulipokuja sikuita. Yeye naye hakuita. Tuligongana vichwa, na mpira ukaingia golini polepole bila kusukumwa na mtu. Tulirudia kosa hilo mara mbili.

“Huko nyuma kuna nini?” Harris alifoka.

“Vita,” nilimjibu.

“Vita gani?”

Alidhani namfanyia mzaha, akaniweka benchi.

Januari viwanja viliganda na mechi zikaahirishwa wiki baada ya wiki. Ndipo barua ikaja. Mama alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi, yuko kwa shangazi, mzima, analalamikia mbuzi wake walioporwa. Nililia pale pale mlangoni. Semakula alinishika mkono muda mrefu, kisha akatoa kahawa. Safari hii niliipokea, nikaitafuna kwa aibu.

Mwezi uliofuata majeshi yetu yaliingia Masaka. Redio ilisema mji umevunjwa. Mama yake Semakula aliishi pale, na barua zilikuwa hazifiki tena. Nilisubiri aniulize lile swali langu. Alifunga kamba za viatu, akaniambia tunachelewa mazoezini.

Uwanjani aliita kila mpira. Tulimaliza msimu tukiwa wa pili kutoka mwisho.

Julai nilirudi nyumbani. Semakula, aliyebakiza mwaka mmoja, alinipa barua nimpelekee mama yake. Kutoka Bukoba nilipata lori la kupitia mpakani Mutukula hadi Masaka. Mtaa wao ulikuwa matofali matupu. Jirani mmoja alikuwa akianika maharage mbele ya nusu ya nyumba; nikamwuliza habari za mama yake Semakula.

“Huyo mama alikufa siku ya mizinga,” alisema. “Wewe nani yake?”

“Rafiki wa mwanawe.”

“Unatoka wapi?”

“Uingereza,” nilisema.

Akanionyesha kaburi, migombani.

Niliporudi Bukoba nilichana karatasi tatu kabla ya kumwandikia Semakula kwamba mama yake amefariki, kaburi nimeliona, na mizinga ilikuwa yetu. Jibu lilichukua miezi miwili. Alinishukuru kwa kufika. Akauliza kama mama yangu hajambo, na kama amepata mbuzi wengine.

Watu huniuliza nilijifunza nini Uingereza. Huwaonyesha cheti. Jibu lile la Semakula siwaonyeshi.