Ajenda ya Nne: Hedhi ya Katibu

Kizazi changu kilipigiwa kura. Wajumbe kumi na mmoja walitaka kiondolewe, wanne walitaka kitibiwe kwa mizizi. Mimi sikupiga kura, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kikao, na katibu hapigi kura.

Huo ulikuwa mwaka wetu wa pili katika kijiji cha ujamaa, upande wa Handeni. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na mtoto mmoja, nikimtaka wa pili. Lakini hedhi yangu ilichukua siku tisa, damu ikitoka na mabonge. Vitambaa nilivyofunga alfajiri vilikuwa vimelowa kabla hatujafika shamba la pamoja. Nikaanza kubaki nyumbani. Na kwa kuwa orodha ya watoro niliiandika mimi, kila mwezi nilijiandika mwenyewe, tena kwa wino mwekundu.

Nikapanda basi hadi Korogwe. Daktari alinibonyeza tumbo, akasema kizazi kina uvimbe, ila si saratani. Akanieleza njia nne, akaniambia nikafikirie, nirudi Jumatatu.

Nyumbani nilichora jedwali, kama tulivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Vidonge vya madini ya chuma: vinaongeza damu mwilini, havizuii inayotoka. Vidonge vya uzazi wa majira: huenda vikapunguza hedhi, lakini uvimbe unabaki, na ukiwa unavimeza hushiki mimba. Kukata uvimbe peke yake: kizazi kinabaki, ila uvimbe unaweza kuota tena. Kutoa kizazi: hedhi inakoma kabisa, na kuzaa pia. Pembeni ya njia ya tatu nikaweka nyota ndogo.

Kosa langu ni kwamba jedwali nililichora kwenye daftari la kikao. Sikuwa na jingine.

Jumamosi kina mama tulikutana, msimamizi wetu akiwa balozi wa nyumba kumi, mwanamume pekee pale na mtu wa utaratibu. Tulipomaliza ajenda ya tatu, palizi ya mihogo, akafungua ukurasa uliofuata na kusoma kwa sauti, "Ya nne. Njia za kuzuia hedhi ya..." Akasita. Jasho likamtoka.

Nikaomba ajenda hiyo irukwe.

"Haiwezekani, ndugu katibu," akasema, macho yakiwa kwenye makuti ya paa. "Kilichomo daftarini ni cha kikao. Hatufungi bila azimio."

Mama mkwe wangu akanyoosha mkono. "Mizizi yangu mbona haimo?"

"Ina madhara gani, bibi?"

"Michungu."

"Katibu, andika: michungu."

Akasimama jirani yetu mzaliwa wa Bungu, aliyewahi kupasuliwa. "Mimi walikitoa chote. Leo navaa hata nguo nyeupe, sina wasiwasi."

"Na ndevu?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Tunasikia ukitolewa unaota ndevu."

"Ndevu zipi, wewe?"

Balozi akavaa miwani, akakikagua kidevu cha jirani kwa umbali wa heshima. "Hakuna. Katibu, andika: ndevu, hakuna."

Kidevu kile ndicho kilichoshinda. Nyota yangu haikupata kura hata moja, na hesabu hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu nilimkabidhi daktari muhtasari wenye sahihi ya balozi. Alipofika kwenye ndevu akauweka mezani, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Na wewe, mama, unataka ipi?"

"Katibu hapigi kura, daktari."

"Humu hospitali hatuna katibu."

Nikasema ya tatu. Akanionya kwamba damu ikizidi kwenye meza ya upasuaji atalazimika kukitoa chote. Nikakubali, nikatia sahihi.

Hakikutolewa. Alikata uvimbe sita, mkubwa zaidi ukiwa kama chungwa, na hedhi ikashuka hadi siku nne. Nikarudi shambani, jina langu likatoka kwenye wino mwekundu.

Lakini kila kikao kilianza na yatokanayo na kikao kilichopita, na balozi aliuliza bila kunitazama, "Azimio la ajenda ya nne?"

"Halijatekelezwa, ndugu balozi."

"Andika: linaendelea."

Mtoto wa pili hakuja. Nilirudi Korogwe mara mbili kuuliza kama ni umri, kovu au uvimbe ulioota tena. Daktari alisema hajui. Daftari bado ninalo, na mstari wa mwisho wa ajenda ya nne unasomeka hivyo hivyo: linaendelea.