Kanda Zisizobebeka

Ijumaa, katikati ya masika. Mvua tangu alfajiri, Kilindoni yote tope.

Mashine ya kanda iliyotunza nakala za kumbukumbu za hifadhi ya bahari imeliwa na chumvi. Nikaambiwa nitengeneze kanda za kuigiza: programu iamini inaandika kwenye kanda, kumbe ni diski ya kompyuta. Nimehangaika juma zima. Leo zimekubali, au nadhani hivyo; shule yangu ndogo.

Dada wa uhasibu, mtu wa bara, ndiye hupeleka kanda kwake kila Ijumaa, ili ofisi ikiungua, hesabu za viota vya kasa zipone. Akaja na kikapu.

“Kaka, nibebe nini?”

“Siku hizi hazibebeki.”

“Moto ukija utaziambia hivyo?”

Nilicheka, kisha nikarudi kwenye kompyuta. Kanda zangu zimo kwenye diski ileile yenye kumbukumbu zenyewe; moto ungekula vyote pamoja. Haki yake nimpe: mimi nisingeliona. Nikaanza upya, nikaziweka kwenye diski ya nje, ile ndogo ya kuchomeka na kuchomoa. Alisubiri mpaka magharibi bila kununa.

“Hii nayo kanda?”

“Programu inaamini.”

“Haya, na mimi naamini.” Akaifunika kwa khanga, akaingia mvuani.

Nyumbani, mimi na familia yangu tulikula muhogo wa nazi na samaki mmoja, changu, tukagawana.