Diski za Breki kwenye Sufuria ya Obusuma

Mwanangu alinipa hadi mvua za kupanda niitengeneze trekta. Breki zikikataa tena, trekta inauzwa. Tulikubaliana hivyo kwa simu, yeye akiwa Nairobi, mimi hapa Likuyani, siku ile trekta iliponitoroka mteremkoni ikalala juu ya ua wa jirani.

Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Trekta tuliinunua pamoja, tukalimia watu mashamba pamoja, na ikiuzwa sijui nitaamkia nini asubuhi.

Nikaenda Kakamega mjini na diski kuukuu ndani ya gazeti. Hiyo ilikuwa sheria ya mke wangu: spea hainunuliwi kwa mdomo, unabeba ile iliyokufa unaiweka mezani. Muuzaji akailaza juu ya mpya, akalinganisha meno, akaongeza sili na gasketi za kuzuia oili isivuje. Kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mzee, leo mama hakukuja? Yeye ndiye anaulizanga maswali."

"Hakuja," nikasema. Nikalipa.

Breki za trekta hii hukaa ndani ya oili, na diski mpya hulowekwa kwanza. Mara yangu ya kwanza kabisa nilizipangusa zikakauka, kwa sababu baiskeli ilinifundisha kwamba breki yenye mafuta ni meno mawili kung'oka. Ziliungua kabla ya wiki kuisha. Mke wangu akanibandika jina "mchoma breki", akaniita hivyo hata mbele ya wakwe.

Safari hii nilizilaza kwenye oili ndani ya sufuria yake kubwa ya kupikia obusuma, ugali wetu. Nilifanya makusudi. Angenifokea mpaka ng'ombe wa jirani wageuke. Nilisimama jikoni nikisubiri, mjinga mimi, na nyumba ikanyamaza tu. Nikakaa chini kando ya sufuria.

Kesho yake nikafunga kila kitu. Ikabaki kutoa hewa kwenye paipu ya breki, maana hewa ikibaki breki hazishiki, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedali, mwingine chini anafungua nati. Miaka yote yeye alikaa juu. Mimi naita, "Kanyaga!" Yeye, "Nimekanyaga!" Nafungua, hewa inatoka, nafunga, naita, "Achia!" Akiachia kabla sijafunga, hewa inarudi ndani na sisi tunagombana.

Kidole kimoja hakivunji chawa, najua, lakini sikumwita mtu. Kiti kile kilikuwa chake. Nikafunga jiwe zito juu ya pedali kwa kamba, nikashuka, nikafungua nati, nikaifunga, nikapanda tena kuliondoa. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, magoti yakilia. Mara mbili jiwe lilianguka nikaanza upya, nikilitukana.

Mchana nikaipeleka trekta kwenye mteremko uleule. Nikakanyaga. Ikasimama palepale, hatua chache kabla ya ua mpya wa jirani. Haiuzwi, basi.

"Imeshika!" nikapiga kelele, kama alivyokuwa akifanya yeye akiwa kitini.

Sauti yangu ikapotea kwenye mabua makavu ya mahindi. Nikabaki na mguu juu ya pedali muda mrefu, injini ikinguruma, maana hapakuwa na mtu wa kuniambia niachie.