Oili ya Kwanza ya Injini ya Shemeji

Hasira zangu ziko karibu. Muulize mke wangu, atakujibu kabla hujamaliza swali. Kwa hiyo siku ile majibu ya oili yaliporudi kutoka maabara yakiwa na maneno mekundu, sikuyasoma mara mbili. Nilitoka nayo kwenye duka la oili linalopeleka sampuli maabara, moja kwa moja hadi nyumbani Ibadakuli, nikamwita shemeji kwa sauti iliyomfanya jirani apunguze redio asikie vizuri.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Ndiye aliyeifungua injini ya lori langu yote na kuifunga upya, hapo hapo uani kwetu, juu ya turubai. Kabla ya hapo alikuwa akiwasaidia mafundi wengine mjini. Hii ilikuwa ya kwanza kufunga kwa mkono wake mwenyewe. Lori lilikuwa limechoka kwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya Nyarugusu kupeleka kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na mpunga msimu ukifika. Alipomaliza liliwaka bila kusumbua. Tukaliendesha taratibu kwa muda, kisha tukatoa oili kidogo ikiwa bado ya moto, tukaipeleka ikapimwe. Wenye mitambo mikubwa migodini ndivyo wanavyofanya: oili inakueleza ya ndani bila kufungua hata nati moja.

Shemeji ndiye aliyetaka ipimwe. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Ushirombo mwenye malori mawili mabovu. Alimwambia waziwazi: "Niletee majibu ya oili ya lori la shemeji yako. Yakiwa mazuri, yangu yote utafunga wewe. Yakiwa mabaya, tusisumbuane."

Na majibu ndiyo hayo. Chuma juu, shaba juu. Hapo shemeji hakutikisika.

"Injini imefungwa juzi, shem. Ringi na silinda bado zinazoeana, lazima zisagane kidogo. Hata wao wameandika ni kawaida."

"Haya, shuka chini basi! Soma!"

Chini kulikuwa na silikoni, yaani vumbi na mchanga, juu kupita kiasi. Potasiamu juu. Sodiamu juu, zote chumvi zilizomo kwenye dawa ya rejeta. Maji yapo. Na kwa wino mwekundu: inashukiwa maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, gari lisiendeshwe, gasketi ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ikaguliwe, na chujio la hewa pia.

"Umeniulia gari!" nikapiga kelele. Nilisema na mengine, ambayo siyaandiki hapa.

Maskini shemeji! Alikwenda kufungua rejeta: maji yamejaa mpaka mdomoni, hayajapungua hata tone. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi safi, wala haikuwa na ule weupe wa chai ya maziwa unaoonekana maji yakichanganyika nayo. Chujio la hewa limekaza vizuri. Alirudia vyote, akakuta vilevile.

"Kwa hiyo maabara wanadanganya?" nikamuuliza. "Ile mashine yao ina chuki na wewe?"

Akakaa chini kwenye turubai. Akaanza kupanga spana, moja moja, za kufungulia hedi. "Tajiri anakuja Jumamosi," alisema. "Akikuta hedi iko chini, imekula kwangu." Sauti yake ilinichoma, lakini mimi nikiwa nimeshapanda juu sishuki upesi.

Sasa, ndani ya nyumba alikuwemo mama mkwe, mama yake shemeji. Alikuja kutoka Ushetu kumlea binti yake, maana tulikuwa tumepata mtoto. Kwetu mkwe hachezewi. Mimi nikiingia kwa mbele, yeye anatoka kwa nyuma. Hata salamu zinapitia kwa mke wangu. Mke wangu akatoka jikoni, mtoto kifuani.

"Mama anauliza, hiyo oili mnayogombania ndiyo ile mliyotia kwenye chupa yake?"

"Chupa yake ipi?"

"Ile ya jemu. Si ulisema dukani wanataka chupa safi? Mama akaisugua mwenyewe."

"Akaisugua na nini?"

Sauti ikajibu kutoka jikoni, ikielekezwa ukutani, si kwangu: "Na majivu. Na mchanga laini. Nikaisuuza na maji ya kisima. Sikutaka kazi ya mwanangu itiwe kwenye uchafu."

Shemeji akaiweka spana chini polepole. "Majivu," akasema. "Shem, majivu si ndiyo potasiamu? Mchanga ndiyo silikoni. Na maji ya kisima yana chumvi…"

Nikapiga simu maabara. Kijana aliyepokea akaenda kuangalia chupa yetu iliyobaki kwao, akarudi akicheka. "Mzee, kwenye mfuniko kuna mchanga. Chupa hii mlichenjulia dhahabu?"

Lo! Hasira ilinipanda, ikakosa pa kutokea. Utamgombeza mkwe?  Shemeji alianza kucheka, akacheka mpaka akalala chali kwenye turubai, na mimi nikamfuata.

Tulimwomba tajiri avute subira, tukachukua oili nyingine kwa chupa ya maabara wenyewe. Safari hii potasiamu haikuwepo, sodiamu haikuwepo, maji hakuna. Silikoni kidogo tu. Chuma bado juu, na pembeni wameandika: injini mpya, endelea, pima tena baadaye, na karatasi hii itunzwe ili ya pili ilinganishwe nayo. Tajiri aliisoma akiwa amesimama, akakunja miwani, akamuuliza shemeji ataanza lini.

Jioni ile mke wangu akaja tena na ujumbe. "Mama anaomba aione karatasi." Nikampa. Akarudi nayo. "Anauliza, jina la mwanawe liko wapi?"

Halikuwepo. Kulikuwa na namba ya gari, majina ya madini, na jina langu mimi mwenye gari. Nikachukua kalamu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, niliandika: INJINI HII IMEFUNGWA NA, nikaweka jina la shemeji na la baba yake.

Safari hii mama mkwe hakumtuma binti yake. Alitoka jikoni mwenyewe, khanga kichwani, macho chini, akaipokea kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili. "Asante, baba," alisema. Akaifunga kwenye pindo la khanga.

Aliondoka nayo kwenda Ushetu. Tumeshapima oili mara kadhaa tangu hapo, na kila mara maabara wananiuliza karatasi ya kwanza iko wapi. Nawaambia imepotea.